UZI: Nani atafunzwa kumsikiliza mtoto? Historia fupi kutoka Thika Road

1/ Wakenya wenzangu, kila bweni likichomeka mjadala huwa ni ule ule. Mmoja anasema kiboko kirudi. Mwingine anasema kila shule ipewe mnasihi. Wa tatu anauliza pesa zitatoka wapi, na kabla hajajibiwa, habari nyingine imeshaingia mjini. Leo tufungue hoja hii polepole: wataalamu wa afya ya akili ya watoto hufunzwa wapi, na nani, na mbona tumeahidiwa mara nyingi hivi na bado hatuwaoni?

2/ Sheria za uzi wangu mnazijua. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukitaka kutusi mtu, nenda kwa ukurasa wako. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, kwa hivyo hapa sitibu mtu. Ninachofuata ni tarehe, sheria na pesa. Naishi Kalimoni, Juja, kati ya Thika na Ruiru, na mifano mingi nitaitoa hapa kwetu.

3/ Tuanze na barabara. Ukitoka Thika kuelekea Nairobi unaacha Mount Kenya University mjini, unapita JKUAT hapa Juja, Zetech pale Ruiru, Kenyatta University pale Kahawa pamoja na hospitali yake kubwa ya rufaa, USIU upande wa Kasarani, halafu ukifika Muthaiga unakutana na Mathari. Vyuo kadhaa kati ya hivyo vinafundisha saikolojia au ushauri nasaha. Na bado mzazi wa Kalimoni mwenye mtoto wa miaka 10 ambaye hali, halali wala haongei hajui ashukie steji gani. Hilo ndilo fumbo la leo.

4/ Mathari ilifunguliwa 1910, wakati wa ukoloni, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ilikuwa nyumba ya kuwafungia "vichaa". Wazungu walikuwa na sehemu yao, Wahindi yao, Waafrika yao, na huhitaji kuuliza nani alilala vizuri. Kazi kubwa ilikuwa ulinzi: mtu mzima anayesumbua barabarani aondolewe machoni pa watu. Mtoto hakuwa kwenye hesabu kabisa.

5/ Sasa sikieni hii. Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari iliongozwa na daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers. Alikabidhiwa usukani akiwa daktari wa kawaida wa serikali, bila mafunzo rasmi ya magonjwa ya akili. Alijifunzia kazini. Halafu 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu "akili ya Mwafrika", ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa ripoti yake nyingine ikieleza Mau Mau kama ugonjwa wa saikolojia. Frantz Fanon alimjibu vikali kwenye kitabu chake cha 1961.

6/ Kwa nini nawarudisha huko? Kwa sababu tulirithi vitu viwili, na vyote viwili bado tunavyo. Cha kwanza, mfumo uliojengwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeharibikiwa kabisa, si mtoto anayeanza kuharibikiwa. Cha pili, tabia ya kumpa mtu cheo kwanza na mafunzo baadaye, au kutompa kabisa. Shika hiyo ya pili, tutakutana nayo tena mbele.

7/ Baada ya uhuru. Madaktari wa kwanza wa Afrika Mashariki wengi walipitia Makerere. Chuo cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari 1967. Lakini aliyetaka kubobea kwenye magonjwa ya akili alilazimika kupanda ndege, mara nyingi kwenda Uingereza. Ni mapema miaka ya 1980 ndipo Nairobi ilipoanza kuwafunza madaktari wake wenyewe wa fani hiyo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na walioipigania wanastahili heshima.

8/ Lakini piga hesabu ya miaka. Udaktari 6. Intani 1. Ubobezi wa magonjwa ya akili, angalau 3. Kisha ubobezi mwingine wa watoto na vijana, kama 2, na kwa muda mrefu huo wa mwisho wengi walienda kuusomea nje, Cape Town ikiwa mojawapo. Jumla si chini ya miaka 12. Mgombea anayekuahidi jukwaani kwamba "tutaleta madaktari wa akili ya watoto kila kaunti" ndani ya muhula wa miaka 5 anakuahidi mtu ambaye, kama hajaanza kusoma tayari, hatakuwa amemaliza hata shahada ya kwanza.

9/ Mtu atauliza: kwani daktari wa watu wazima hawezi kumtibu mtoto? Anaweza kusaidia, lakini mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa saizi. Huzuni ya mtoto inaweza kutokea kama maumivu ya tumbo kila Jumatatu asubuhi. Inaweza kuwa hasira, kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, au alama kushuka ghafla. Anayemshughulikia lazima ajue kuongea na mzazi, kumuuliza mwalimu, na kumsoma mtoto akicheza. Na kuna sababu ya haraka: Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo yote ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Ukingoja mpaka awe mtu mzima, umemngojea njiani wakati basi limeshapita.

10/ Hiyo ilikuwa njia ya hospitali. Kuna njia ya pili, ya shule, na ndiyo wanasiasa wetu huipenda zaidi. 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri na maelekezo kwa wanafunzi. Tangu hapo, ripoti baada ya ripoti ya elimu imesema kila shule iwe na huduma ya ushauri. Kwenye karatasi tumekuwa na mwalimu wa ushauri kwa zaidi ya miaka 50. Swali ni alifunzwa nini.

11/ Shangazi yangu anafundisha shule moja ya msingi upande huu wetu. Kwetu shangazi ni tata. Nilimuuliza, "Tata, wewe ulikuwaje mwalimu wa ushauri?" Akacheka. Alisema mwalimu aliyekuwa na kazi hiyo alihamishwa, na kwenye mkutano wa walimu mtu akasema, "Mpeni huyu, yeye ni mpole na ni mama." Akapelekwa semina ya siku tatu. Vipindi vyake havikupunguzwa hata kimoja. Ofisi ya ushauri ni stoo ya vitabu, na mlango wake haufungi vizuri.

12/ Akaniambia kuhusu mtoto mmoja, sitasema mengi. Mtoto huyo alimwambia kitu kizito wakati wa chai, kitu kinachotendeka nyumbani. Tata alijua hafai kunyamaza. Lakini hakujua aanze na nani: mwalimu mkuu, chifu, polisi, hospitali, au mama wa mtoto ambaye angeweza kumgeukia mtoto mwenyewe. Alizunguka wiki mbili. Mtoto alisaidika mwishowe, lakini yeye hakulala vizuri muhula mzima, na hakuna aliyemuuliza, "Mwalimu, wewe uko sawa?" Sikilizeni vizuri: huyu ndiye mtu ambaye kwenye takwimu anahesabiwa kama huduma ya ushauri iliyopo.

13/ Turudi kwenye tarehe. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa, maelfu wakajeruhiwa. Kwa mara ya kwanza nchi nzima iliongea wazi kuhusu majeraha ya moyoni. Kulikuwa na msingi kidogo: Amani Counselling Centre, kwa mfano, ilikuwapo tangu 1979. Lakini mahitaji yalizidi watu mara nyingi. Kozi fupi za unasihi zikaota kila mahali. Nyingine nzuri, nyingine cheti tu. Neno "kauncela" likaingia mtaani, na mtu yeyote mwenye sauti ya upole akaweza kujiita hivyo.

14/ Mwaka huohuo wa 1998 bweni la Bombolulu kule Kwale lilikuwa limeungua, wasichana 26 wakafa. Machi 2001, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67. Sitayaeleza zaidi, wazazi wao wako hai na wako mtandaoni. Mwaka huo wa 2001 ndio serikali ilipofuta kiboko shuleni kwa tangazo la kisheria, na jopokazi kuhusu nidhamu na fujo za wanafunzi likapendekeza, kama kawaida, ushauri nasaha uimarishwe.

15/ Hapa nataka tuwe waungwana kwa upande wa kiboko, kwa sababu si wajinga. Mwalimu mwenye watoto 70 darasani alinyang'anywa chombo alichokijua na hakupewa kingine. Anaposema "nidhamu imekufa", mara nyingi anasema "mimi nimeachwa peke yangu". Ndiyo maana wazo hilo hufufuka kila baada ya fujo. 2021, baada ya mabweni mengi kuchomwa, hata waziri mhusika wa wakati huo alisema hadharani kiboko kifikiriwe upya.

16/ Lakini angalia hesabu ya kisiasa iliyojificha hapo. Kufuta kiboko ni tangazo moja la gazeti rasmi, karibu bure. Kuweka mnasihi aliyefunzwa ni mshahara kila mwezi hadi astaafu. Serikali ilifanya nusu ya bei rahisi ya sera hiyo na kuahirisha nusu ya bei ghali. Miaka zaidi ya 20 baadaye tunabishana kama ile nusu ya kwanza ilikuwa kosa, wakati ya pili haijajaribiwa. Mwaka wa 2024 tulizika watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, na maneno yaliyosemwa mazishini mngeweza kuyatoa magazeti ya 2001.

17/ Sheria nazo? Tunazo. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014, iliyoletwa ili asiwe kila mwenye sauti ya upole anajisajili mwenyewe kichwani. Hiyo ya 2014 ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Bila daftari la nani amefunzwa, huwezi hata kujua una wangapi, achilia mbali wangapi wanafaa kukaa na watoto.

18/ Kisha kuna kile ambacho wengi wetu hukisahau kwenye mijadala: ugatuzi. Katiba ya 2010 ilipeleka huduma za afya kwa kaunti, na kuanzia 2013 wahudumu wengi wa afya wakawa wa kaunti. Lakini vyuo vikuu vya umma na KMTC viko chini ya serikali kuu. Walimu wako chini ya TSC, ambayo pia ni ya kitaifa. Kwa hivyo mtoto mmoja wa Kalimoni anaangukia ofisi tatu: shuleni ni wa serikali kuu, zahanati ni ya kaunti, na mtu wa kumsaidia anafunzwa na ofisi ya tatu. Kila mmoja akiulizwa, anamwonyesha mwenzake kwa kidole.

19/ Chukua mfano. Muuguzi wa kaunti anataka kusomea afya ya akili. Akienda, kaunti inaendelea kumlipa huku zahanati ikiwa na pengo. Akirudi na cheti, mara nyingi anarudi kwenye chanjo na wajawazito, kwa sababu foleni ni ndefu na hakuna nafasi iliyoandikwa kwa kazi aliyosomea. Baada ya mwaka au miwili anaona tangazo la kazi ya nje. 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wetu wa afya huko. Simlaumu anayeenda. Nami ningeenda. Lakini tuelewe kwamba tulilipia mafunzo, tukakataa kulipia kazi.

20/ Na upande wa pili wa shilingi: wako waliofunzwa na wamekaa nyumbani. Mgomo wa madaktari wa 2024 uliochukua siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa madaktari wa intani, kupelekwa kwao vituoni na malipo yao. Kwa hivyo mtu akikuambia shida ya Kenya ni "uhaba wa waliosoma" peke yake, mwambie akae chini kidogo. Tuna uhaba wa wataalamu wa watoto, huo ni wa kweli kabisa. Pia tuna vijana wenye shahada za saikolojia wanaouza data na kuendesha boda hapa Juja. Mambo haya mawili yanaishi pamoja.

21/ 2019 kuliundwa jopokazi la kitaifa la afya ya akili. 2020 likatoa ripoti likitaka afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, na kaunti zikapewa majukumu na mabaraza yao. Ukisoma ripoti na marekebisho hayo utaona mengi mazuri. Lakini majukumu yaliyoandikwa bila mstari wake kwenye bajeti ni kama kumtuma mtoto dukani bila pesa. Atarudi na salamu.

22/ Sasa takwimu ambayo mtaisikia sana wakati wa kampeni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa na APHRC na washirika wake, matokeo yakatoka 2022. Ulisema 44.3% walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili ndani ya miezi 12. Nusu ya watoto wetu karibu! Hiyo ndiyo namba ya jukwaani. Lakini ripoti hiyohiyo ilikuwa na namba ya pili: 12.2% ndio waliofikia kiwango cha ugonjwa kwa vigezo vya kitabibu.

23/ Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo siri ya mafunzo yote. Chukua wanafunzi 500 wa umri huo. Kama 221 wana dalili fulani: hofu, huzuni, kukosa utulivu. Kati ya wote 500, kama 61 wanahitaji mtu aliyefunzwa vizuri zaidi. Na wachache ndani ya hao wanahitaji daktari bingwa. Ukisema "tuajiri madaktari bingwa" umewasahau wale 221. Ukisema "walimu wapewe semina" umewasahau wale 61. Mjadala wetu huwa ni watu wa ghorofa ya chini wakibishana na watu wa juu, na hakuna anayejenga ngazi.

24/ Je, ghorofa ya chini inaweza kujengwa bila daktari? Hapa tuna ushahidi wa nyumbani. Shamiri, neno letu la kustawi, ni taasisi iliyoanzishwa na Mkenya, Tom Osborn. Wanawafunza vijana waliomaliza sekondari, rika langu na wadogo kwangu, kukutana na vikundi vya wanafunzi mara moja kwa wiki, wiki nne. Mazungumzo ni kuhusu kukua, shukrani, na yale mtu anayoyathamini. Hawatumii hata lugha ya ugonjwa. 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio lao na wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu, ndiyo, kaunti yetu. Waliopitia Shamiri walipungukiwa na dalili za huzuni na wasiwasi kuliko waliofundishwa mbinu za kusoma.

25/ Wanaopinga wana hoja, na si hoja mbaya. Wanasema: mtoto wa tajiri atapelekwa kwa daktari bingwa, mtoto wa maskini atapewa kijana wa miaka 19. Wanaogopa kwamba serikali ikiona kitu cha bei rahisi kinafanya kazi, itaacha kulipia cha bei ghali. Ukiangalia historia tuliyopitia, hofu hiyo ina msingi.

26/ Jibu liko kwenye jambo ambalo halina mvuto jukwaani: usimamizi. Kijana wa Shamiri hayuko peke yake. Ana msimamizi juu yake, na msimamizi ana mtaalamu wa kliniki juu yake. Kijana akisikia kitu kizito, anajua dakika hiyohiyo ampigie nani. Sasa mlinganishe na tata. Tata ana miaka mingi ya kufundisha, anawajua watoto, anaaminiwa. Kwa uwezo wa kibinadamu anamshinda kijana yeyote wa miaka 19. Alichokosa ni nambari moja ya simu ya mtu ambaye kazi yake ni kupokea.

27/ Na ghorofa ya juu? Hapo tazama Ibadan, Nigeria. Chuo chao kina kituo cha afya ya akili ya watoto na vijana kilichoasisiwa chini ya Profesa Olayinka Omigbodun, chenye shahada ya uzamili. Darasani wanakaa pamoja daktari, muuguzi, mwalimu na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kutoka nchi kadhaa za Afrika. Hawamwambii kila mtu awe daktari bingwa. Wanamfunza kila mmoja awe na ujuzi wa watoto ndani ya kazi aliyonayo, kisha arudi kwao awafunze wengine. Hapo katikati ndipo sisi tuna pengo kubwa zaidi.

28/ Kuna jambo moja dogo ambalo sijalisikia kwenye mdahalo wowote: lugha. Mafunzo yetu karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa hapa anaongea Kikuyu nyumbani, Kiswahili kwa jirani, Sheng na wenzake. Hatasema ana sonona wala unyogovu. Atasema "nimechoka tu", au "kichwa inauma", au "nafikiria sana". Aliyefunzwa kwa Kiingereza pekee anaweza kulisikia "nimechoka" na kumwambia alale mapema. Mtaala wowote wa kufunza watu wa watoto usiokuwa na sura ya namna watoto wetu wanavyosema maumivu ni mtaala wa nchi ya watu wengine.

29/ Mtasema pesa. Sawa, tuongee pesa. 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchi nzima, na posho yao ikapangwa igawanywe, serikali kuu nusu, kaunti nusu. Mpango huo una matatizo yake, ucheleweshaji wa posho ukiwa wa kwanza. Lakini unathibitisha kwamba serikali mbili zinaweza kukaa meza moja na kugawana mshahara zikitaka. Kwa hivyo "hilo ni la kaunti" na "hilo ni la serikali kuu" si majibu tena. Ni visingizio.

30/ Huku Kalimoni ingeonekanaje? Naiwaza hivi, na niko tayari kubishiwa. Kila shule, mwalimu mmoja wa ushauri aliyepunguziwa vipindi na kupewa chumba ambacho mlango unafunga. Wadi nzima, mtu mmoja aliyesomea watoto, muuguzi au afisa wa kliniki au mwanasaikolojia, anayezunguka shule hizo kwa ratiba inayojulikana. Thika Level 5, siku maalum ya kliniki ya watoto. Na daktari bingwa mmoja kwa kaunti yenye watu zaidi ya milioni 2.4, ambaye kazi yake nusu ni kutibu na nusu ni kuwasimamia na kuwafunza wote waliotangulia. Wanafunzi wa vyuo vya Thika Road wafanye mafunzo yao ya vitendo ndani ya mpango huo, chini ya macho ya mtu.

31/ Ona kwamba sijaomba jengo. Wanasiasa wetu wanapenda jengo kwa sababu lina utepe wa kukata. Mtu aliyefunzwa hana utepe. Hauwezi kumzindua. Unamlipa kimyakimya miaka 10, na ushahidi kwamba anafanya kazi ni bweni ambalo halikuungua na mtoto aliyeendelea kuja shule kama kawaida. Hakuna kamera inayokuja kupiga picha hiyo. Nadhani hapo ndipo penye ugumu wote wa kisiasa wa jambo hili, zaidi ya ujinga na hata zaidi ya wizi.

32/ Kwa hivyo, akija mgombea hapa Kalimoni, awe wa kiti chochote, akasema "kila shule mnasihi", usipige makofi bado. Inua mkono, umuulize kwa heshima:
– Atafunzwa na nani, kwa muda gani?
– Akimaliza, ataajiriwa na ofisi gani, na nafasi hiyo imeandikwa wapi?
– Akipata mtoto aliyemzidi uwezo, atampigia nani?
Akijibu la kwanza tu, ametoa cheti. Akijibu mawili, ametoa mshahara. Akijibu la tatu, huyo amewahi kukaa chini akalifikiria.

33/ Tata alistahili kujibiwa hilo la tatu wakati ule wa chai. Aliuliza watu wanne na wote wakamwambia, "Omba Mungu, mwalimu." Aliomba. Na bado alihitaji nambari ya simu.

34/ Walimu, wauguzi na wanafunzi wa saikolojia mlio humu: nikosoeni, ongezeni mlichokiona. Tafadhali msiandike jina la mtoto wala la shule. Uzi ujao: fedha za basari na kwa nini fomu huisha kabla hazijafika kijijini.